Haki ya Kutoamini

Septemba 1999 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya Uganda. Wajawazito zaidi ya 600 wenye virusi vya Ukimwi walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa nevirapine: kidonge kimoja kwa mama uchungu unapoanza, na dozi moja kwa mtoto katika siku tatu za kwanza. Kundi la pili lilipewa zidovudine kwa muda mfupi. Watoto walipofikisha umri wa wiki 14 hadi 16, walioambukizwa katika kundi la nevirapine walikuwa asilimia 13.1, na katika kundi la pili asilimia 25.1. Dawa rahisi kiasi kile, ambayo hata kituo cha afya cha kijijini kingeweza kuitoa, ilikuwa imepunguza maambukizi kwa karibu nusu, na nchi nyingi maskini zikabadili taratibu za wodi zao za uzazi.

Baadaye maswali yalizuka. Mwaka 2002 ukaguzi ulikuta kasoro katika utunzaji wa kumbukumbu za utafiti huo, mabishano yakavuka bahari, na mwaka 2005 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani likatamka kwamba data na hitimisho lake ni vya kutegemewa. Kufikia tamko hilo kulihitaji kurudi kwenye kumbukumbu zenyewe: nani aliandika nini, lini, kuhusu mtoto yupi. Msomaji wa kawaida wa Lancet hakuwa na njia ya kufanya kazi hiyo. Ilimbidi awaamini waliokuwapo.

Nimeanza na Mulago kwa sababu wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Makerere wamepanga vyumba kuzunguka kilima ilipo hospitali hiyo, hutelemka hadi mtaa wa Wandegeya asubuhi na kupanda upande wa pili kwenda darasani, na huingia darasani na picha ya uthibitisho inayofanana na ile ya hospitali: visa vingi, vimehesabiwa kwa uangalifu, vyote vikaelekea upande mmoja. Ni picha yenye heshima na imeokoa maisha. Ila mwenye kuingia nayo katika hisabati ya chuo kikuu atateseka mwaka mzima bila kujua kinachomtesa.

Mwaka 1919 George Pólya, mwanahisabati wa Hungaria, alitoa kisio lifuatalo. Chagua namba yoyote kubwa kuliko 1, kisha orodhesha namba zote kuanzia 1 hadi hapo. Kila namba ivunje iwe zao la namba tasa na uhesabu vigawo vyake. 12, kwa mfano, ni 2 × 2 × 3, kwa hiyo ina vigawo vitatu. Pólya alikisia kwamba namba zenye idadi witiri ya vigawo hazitapungua nusu ya orodha kamwe. Jaribu hadi 10, jaribu hadi 100, jaribu hadi milioni: kisio linasimama. Mwaka 1958 C. B. Haselgrove alithibitisha kwamba si kweli, bila kuitaja namba inayolivunja. Mwaka 1980 Minoru Tanaka akaonyesha kwamba namba ndogo kuliko zote inayolivunja ni 906,150,257.

Tafakari ukubwa wa jambo hilo. Visa zaidi ya milioni 900 vilikubaliana na Pólya, na Pólya alikuwa amekosea. Mama 600 wa Mulago walitosha kubadili tiba, nasi tulifanya vyema kukubali, kwa sababu dai lao lilikuwa juu ya kiasi cha hatari na lilikuja na kipimo cha mashaka yake. Dai la Pólya lilihusu kila namba bila kubakiza hata moja. Dai la namna hiyo halilindwi na wingi wa visa. Linalindwa na hoja inayofunga kila mlango ambao namba pinzani ingeweza kupitia. Hoja hiyo ndiyo uthibitisho wa kihisabati, na kujifunza kuisoma na kuiandika ni kazi tofauti kabisa na kujifunza kukokotoa.

Shule zetu hufundisha kukokotoa, tena vizuri. Mwanafunzi aliyefaulu somo la hisabati katika mtihani wa kidato cha sita ametatua mamia ya maswali ya miaka iliyopita. Anajua alama moja iko kwenye hatua gani. Uthibitisho wenyewe amekutana nao, hasa ule wa kupanda ngazi: onyesha kwamba dai ni kweli kwa 1, chukulia ni kweli kwa k, onyesha kwamba basi ni kweli kwa k + 1, malizia kwa sentensi iliyoagizwa. Anaandika hatua hizo kwa mpangilio kamili. Muulize kwa nini hatua ya pili si sawa na kudhani kile anachotakiwa kuonyesha, na mara nyingi atanyamaza. Amefundishwa ibada, na akiifuata ibada anapewa alama.

Ninayo dawa moja ya ugonjwa huo, ambayo Pólya mwenyewe aliitumia kwa rangi ya macho ya wasichana katika kitabu chake cha 1954. Mimi naipeleka wodini. Dai: katika wodi yoyote, wagonjwa wote wana kundi moja la damu. Uthibitisho: ikiwa mgonjwa ni mmoja, hakuna la kubishania. Sasa tuchukulie kwamba wagonjwa wowote k wana kundi moja la damu. Wapange mstari wagonjwa k + 1. Mwondoe wa kwanza. Waliobaki ni k, kwa hiyo damu yao ni ya kundi moja. Mrudishe, umwondoe wa mwisho. Waliobaki ni k tena, na damu yao ni ya kundi moja. Wa kwanza analingana na wa katikati, wa mwisho analingana na wa katikati, basi wote wanalingana.

Darasa hucheka, kisha hutulia. Jibu la kwanza huwa kwamba dai ni la uongo, kwani wodini kuna wenye O, wenye A na wenye B. Ni kweli, na haitoshi. Hoja iliyoishia kwenye uongo ina ufa mahali fulani, na anayeweza tu kusema kwamba hitimisho ni baya hajausoma uthibitisho. Amesoma mstari wa mwisho. Wengine huilaumu hatua ya kuchukulia. Hawajafika. Ufa uko penye neno "katikati". Kutoka mgonjwa mmoja kwenda wawili, ukimwondoa wa kwanza anabaki wa pili, ukimwondoa wa mwisho anabaki wa kwanza, na wa katikati hayupo. Ngazi haina kipago cha pili. Hatua nyingine zote, kutoka wawili kwenda watatu, kutoka watatu kwenda wanne, ni sahihi kabisa. Ndiyo maana jicho linapita bila kushtuka.

Mwanafunzi aliyeupata ufa huo mwenyewe, bila kuonyeshwa, huanza kusoma kwa namna nyingine. Amegundua kwamba ana ruhusa ya kutoamini. Msomaji wa Lancet alilazimika kumwamini aliyekuwapo wodini. Msomaji wa uthibitisho hamhitaji mtu yeyote. Vifaa vyote viko mbele yake: fasili, dhana, na hoja iliyoandikwa. Akiwa na kalamu mtaani Kikoni, karibu na chuo, chini ya taa ya chumba cha kupanga, ana mamlaka yaleyale aliyonayo profesa wa Paris juu ya ukurasa huo. Sijui taaluma nyingine inayompa kijana wa miaka kumi na tisa haki hiyo ikiwa nzima namna hii, na inaniuma kuona tunavyomfundisha asiitumie.

Ataitumiaje? Chukua dai dogo. Katika mkutano wowote, idadi ya watu waliopeana mikono mara witiri ni shufwa. Uthibitisho una sentensi nne. Kila mtu aandike amepeana mkono mara ngapi. Jumla ya namba zilizoandikwa ni shufwa, kwa kuwa kila tendo la kupeana mkono limeandikwa na watu wawili. Ondoa kwenye jumla hiyo namba zote shufwa; kilichobaki bado ni shufwa, nacho ni jumla ya namba witiri tupu. Namba witiri zikijumlishwa zikatoa shufwa, basi idadi yake ni shufwa.

Msomaji mwepesi atasema ameelewa, akafungua ukurasa unaofuata. Msomaji ninayemtaka ataanza kwa kuchora watu watatu: mmoja amewapa mkono wawili, na hao wawili hawajapeana. Namba ni 2, 1, 1. Wenye witiri ni wawili. Sawa. Kisha atauliza: je, watu wawili wakipeana mikono mara tano, hoja inavunjika? Haivunjiki, kwa kuwa kila mara imeandikwa pande zote mbili. Sentensi ya nne ni kweli kwa nini? Kwa sababu witiri na witiri ni shufwa, na shufwa ukiongeza witiri ni witiri, kwa hiyo idadi witiri ya namba witiri ingetoa witiri. Hilo halikuandikwa, amelijaza mwenyewe, pembeni ya ukurasa, na anapaswa kulijaza.

Halafu lije swali la thamani kuliko yote: ni nini kilichotumika bila kutajwa? Fikiria mstari wa watu usio na mwisho upande mmoja. Wa kwanza anampa mkono wa pili, wa pili anampa wa tatu, na kuendelea bila kikomo. Wa kwanza amepeana mkono mara moja. Kila mwingine amepeana mara mbili. Mwenye witiri ni mmoja tu, na dai limeanguka. Kumbe neno "jumla" katika sentensi ya pili lilikuwa limebeba sharti zima, kwamba watu wanahesabika hadi mwisho, na hakuna aliyelisema. Aliyefika hapa ameujua uthibitisho huo kwa undani kuliko aliyeukariri kwa ajili ya mtihani, kwa sababu anajua unavunjikia wapi. Kurasa mbili kwa jioni moja, kwa mwendo huu, ni kazi nzuri. Wanafunzi huniambia wanaona aibu kusoma polepole hivyo. Hakuna aibu hapo. Wanahisabati wote ninaowaheshimu husoma hivyo.

Mpangilio wa maneno nao una hatari yake. Kwa kila mgonjwa kuna muuguzi anayemhudumia. Kuna muuguzi anayemhudumia kila mgonjwa. Anayefanya kazi Mulago zamu ya usiku hahitaji kuelezwa tofauti: sentensi ya kwanza ni wodi iliyopangwa vizuri, ya pili ni mtu mmoja anayeelemewa. Maneno ni karibu yaleyale, kilichobadilika ni lipi limetangulia. Kanusha ya kwanza na utapata: kuna mgonjwa ambaye hana muuguzi hata mmoja. Wengi huandika badala yake kwamba kila mgonjwa hana muuguzi, ambalo ni dai kubwa zaidi na huenda ni uongo. Makosa hayo mawili, kugeuza mpangilio na kukanusha vibaya, ndiyo ninayokutana nayo kuliko mengine yoyote katika karatasi za mwaka wa kwanza.

Nayo hayakuanza na sisi. Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy, mmoja wa walioipa hisabati ya Ulaya ukali wake wa kisasa, aliandika kwamba ukijumlisha mfululizo wa funksheni zisizokatika, na jumla ikatulia kwenye kila nukta, basi funksheni inayopatikana nayo haikatiki. Mwaka 1826 Niels Henrik Abel, kijana wa Norway aliyekuwa bado hana kazi ya kudumu, alionyesha mfululizo unaolipinga dai hilo. Ilichukua miaka mingine kama ishirini hadi watu kama Philipp Seidel walipouona ufa wenyewe. Kutulia kwenye kila nukta maana yake ni kwamba kwa kila nukta kuna hatua ambayo baada yake jumla imekaribia vya kutosha. Hoja ilihitaji hatua moja inayotosha nukta zote kwa pamoja. Muuguzi wa kila mgonjwa, na muuguzi mmoja wa wagonjwa wote. Ninapowapa wanafunzi kisa hiki sikusudii kumdhalilisha Cauchy. Nataka wamwone Abel: msomaji asiye na cheo, aliyeukataa ukurasa wa mtu mkubwa kwa sababu ukurasa haukumlazimisha kukubali.

Afrika Mashariki iliwahi kujaribu kuiingiza roho hii mashuleni, na jaribio lilianzia si mbali na Mulago. Mwaka 1962, mwaka uleule wa uhuru wa Uganda na wa kukamilika kwa jengo la Mulago Mpya, walimu na wanahisabati kutoka Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe kuandika vitabu vipya vya hisabati kwa shule za Afrika. Vitabu vya Entebbe vilileta seti, miundo na sababu za kanuni badala ya kanuni peke yake. Vilijaribiwa katika nchi kadhaa. Baadaye upepo ukageuka; mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya, kwa mfano, iliiweka kando hisabati hiyo iliyoitwa ya kisasa. Kwa maoni yangu tatizo halikuwa kwamba watoto wa Kiafrika walipewa mambo ya juu mno. Walipewa msamiati wa uthibitisho bila kupewa nafasi ya kubisha. Alama ya muungano wa seti ikawa kitu kingine cha kukariri, na mwalimu aliyeandaliwa kwa haraka hakuwa na ujasiri wa kuulizwa "kwa nini".

Kuandika ni upande wa pili wa haki hiyohiyo, na ni mgumu zaidi, kwa sababu sasa mwenye kukataa ni mtu mwingine nawe unatakiwa umlazimishe. Mpe mwanafunzi kazi hii: thibitisha kwamba kwa namba yoyote chanya x, x + 1/x ≥ 2. Karatasi nyingi huanza na mstari huohuo: x + 1/x ≥ 2. Zidisha kwa x, panga upya, ufike kwenye (x − 1)² ≥ 0, ambalo ni kweli, kwa hiyo tumemaliza. Mwandishi ameanzia kwenye kile alichotumwa kukitafuta. Kwamba dai limezaa ukweli hakulifanyi liwe kweli: 1 = −1 ni uongo, zidisha kila upande kwa wenyewe, utapata 1 = 1.

Kazi ile ya kurudi nyuma haikuwa bure. Ilikuwa rasimu, na bila hiyo nani angejua kwamba aanzie kwenye (x − 1)²? Kosa ni kuikabidhi kama ilivyo. Ukiwa umeipata njia, igeuze. Namba yoyote ikizidishwa kwa yenyewe si hasi, kwa hiyo (x − 1)² ≥ 0, yaani x² + 1 ≥ 2x. Kwa kuwa x ni chanya, tunaweza kugawanya kwa x bila kugeuza ishara, na tunapata x + 1/x ≥ 2. Maneno "kwa kuwa x ni chanya" ndiyo mahali pekee sharti la swali limetumika. Mwandishi asipoyaandika, msomaji wangu mbishi atasimama hapo na kukataa kuendelea, naye atakuwa na haki.

Karatasi hizo pia huwa hazina sentensi. Ni safu za alama zenye mishale, kana kwamba maneno ni udhaifu. Uthibitisho huandikwa kwa sentensi kamili, zenye "kwa kuwa", "basi", "tuseme", na "kinyume chake", kwa sababu viungo vya hoja vimo ndani ya maneno hayo. Mihadhara yetu ni ya Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza, na sina ugomvi na hilo. Lakini mtu hubisha vizuri zaidi kwa lugha anayoitumia kugombana. Nimesikia vijana wakiivunjavunja hoja kwa Kiluganda nje ya ukumbi, wengine kwa Kiswahili cha Kenya au cha Goma, kwa ukali ambao hawakuwa nao dakika tano zilizopita walipoulizwa darasani. Basi wabishane kwanza hivyo, kisha waandike.

Kikwazo kikubwa ni idadi. Ukumbi wa mwaka wa kwanza ukijaa, hakuna mhadhiri awezaye kusahihisha uthibitisho wa kila mtu kila wiki kwa uangalifu unaotakiwa, na uthibitisho uliosahihishwa kwa alama ya vema au kosa tu haujasahihishwa. Ninalopendekeza linahitaji karatasi na nidhamu tu. Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja aandike, mwingine asome kwa sauti na kusimama kwenye sentensi ya kwanza asiyolazimika kuikubali. Hapo aweke alama, aandike swali lake, airudishe. Mwandishi asijibu kwa mdomo. Ajibu kwa kuandika upya. Karatasi izunguke hadi mbishi akose pa kusimama, kisha majina yote mawili yaandikwe juu yake, na alama ya mbishi ilingane na ya mwandishi.

Idara ikitaka kuanza muhula ujao, ianze na karatasi ya wodi na kundi la damu, bila kusema kwamba ina ufa.